Kabati la Dawa Halitoki Bila Mahari

Mpendwa Tata,

...na hilo la kusema umechoka, nimelikataa. Nililikataa siku ile ile uliponiambia, mimi nikiwa na shela kichwani na wewe ukinifuta machozi ya furaha, ila nilishindwa kukujibu kwa sababu mpiga picha alikuwa anatuita tusimame kwenye ngazi za kanisa. Sasa nimepata nafasi ya kukaa chini, na jibu langu ni hapana. Hujachoka. Umeudhiwa. Hayo ni mambo mawili, na ni wewe, nesi wetu, uliyetufundisha kutofautisha maumivu ya tumbo na woga wa mtihani.

Barua hii naiandika wazi. Nitaisoma kwanza mbele ya akina mama wa kikundi cha mabati, wale wanaoezekeana nyumba kwa zamu, kisha nitaibandika kwenye ubao nje ya ofisi ya shule, halafu ndipo nakala ije kwako Gakindu. Anayetaka kuisoma na asome, hata kama ametumwa na wizara. Wakubwa nao wana macho.

Watu wananishangaa. Wananiambia bibi harusi wa juzi hapaswi kuwa na hasira, apike chai na atabasamu. Chai napika, Tata, na kutabasamu natabasamu mpaka mashavu yananiuma! Laiti ungeona nyumba yetu hapa Mweiga. Nimeshona mapazia ya maua mekundu, na asubuhi mawingu yakipasuka naiona milima ya Nyandarua yote kutoka dirisha la jikoni, na Muriuki wangu anaingia akinukia maziwa na moshi wa lori, ananiita "mama wa nyumba" kama mtu aliyeota jina hilo miaka mingi. Wakati mwingine nasimama tu katikati ya chumba na kucheka peke yangu. Lakini furaha hii ndiyo inayonipa hasira. Mtu aliyeshiba ndiye mwenye nguvu za kugomba. Na nikikumbuka ni nani aliyeniweka hai hata nikafika kuolewa, siwezi kunyamaza.

Unakumbuka Julai ile nilipokuwa Kidato cha Pili? Ukungu ulikaa juu ya mabweni mpaka mchana, nguo hazikukauka, nami nilikuwa nimekificha kikohozi changu ili nisitolewe kwenye timu ya netiboli. Ulinikamata kwenye foleni ya uji. Hukuuliza neno. Ulinigeuza, ukaweka sikio mgongoni pangu juu ya sweta, mbele ya shule nzima, ukasikiliza, kisha ukamwambia mwalimu wa zamu, "Huyu ni wangu." Nikaondoka na wewe nikiwa na kikombe mkononi.

Ilikuwa nimonia. Kitanda cha chuma, blanketi la kijivu, birika likitoa mvuke, na ile stovu ya primasi uliyokuwa ukichemshia sindano. Mlio wake ndio ulionibembeleza. Kila nilipoamka ulikuwa pale, umeketi kwenye kiti kile kisicho na mgongo, ukifuma soksi ambayo sijui kama iliwahi kupata mwenzake. Nilipoona haya kukohoa mbele yako ulinitazama kwa ukali ukasema, "Kohoa, mtoto. Kikohozi si tabia mbaya." Mama yangu alipofika kwa miguu kutoka nyumbani, amevaa leso ya kanisani kana kwamba amekuja kuzika, ulimpa kiti chako, ukamwekea sukari nyingi kwenye chai na kumwambia, "Mama, hapa watoto hawafi. Ni sheria ya nyumba." Alicheka huku analia. Mpaka leo akitaja jina lako analitaja kama anayesali.

Sisi sote tulikuita Tata, kama tunavyowaita shangazi zetu nyumbani, hata wazazi wengine wakadhani una undugu na nusu ya shule. Na ulikuwa nao. Nani mwingine alijua kwamba msichana anaweza kukosa masomo kila mwezi kwa sababu hana kitambaa, na ataona afadhali aseme kichwa kinamuuma kuliko kusema kweli? Hukutuhutubia. Ulijaza droo ya chini ya lile kabati jeupe la dawa, ukatangaza kwamba droo hiyo huwa haifungwi na kwamba wewe una tabia ya kutazama dirishani mtu akiingia. Ndivyo ilivyokuwa. Tuliingia, ukatazama dirishani, tukatoka. Sijaona adabu kubwa kuliko ile, Tata, si kanisani wala ofisini.

Halafu kuna deni la moyo wangu, ambalo siwezi kuliandika bila kuona haya kidogo, lakini acha nione tu. Nilipomaliza Kidato cha Nne na kurudi shuleni kuwa karani, Muriuki ndiye aliyekuwa akileta maziwa ya ushirika kwa lori. Siku hiyo alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado moto, mvuke ukamchoma kiganja, akaja mbio zahanati, nami nilikuwa pale nikikuletea sabuni. Ulimpaka dawa, ukanipa ncha ya bendeji nishike wakati unatafuta mkasi. Nikashika. Ukageuka na mkasi, ukatutazama, ukasema, "Nilisema ushike bendeji, si mkono."

Muriuki akajibu bila hata kupepesa jicho, "Sista, usimkemee. Maumivu yamepungua."

"Yamepungua kwa sababu ya dawa yangu."

"Basi nitarudi kesho kwa dawa zote mbili."

Na akarudi. Kidonda kilipona mapema, lakini aliendelea kuja mpaka ukamwambia kwamba zahanati ya shule ni ya wanafunzi na sasa alete wazazi wake kwa wazazi wangu. Kwa hivyo mtu akiniuliza zahanati ile ilikuwa na faida gani, mimi nina jibu ambalo hata afisa hawezi kulipinga. Naishi nalo nyumba moja, na usiku linanikoromea sikioni.

Sasa niseme yale ya hasira.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi nyumba ile ya zahanati ilipojengwa, lakini naikumbuka. Miaka michache ilikuwa imepita tangu Uhuru na kila kilima kilikuwa na harambee yake. Mama yangu na wenzake walibeba mawe kutoka mtoni mgongoni, kamba zikiwa zimewakata kwenye paji la uso. Siku ya ufunguzi mkubwa mmoja alisimama jukwaani akasema, "Nyinyi jengeni, Serikali itatia uhai ndani." Tukapiga makofi, na kweli Serikali ikatia uhai. Ikakuleta wewe, na dawa zikaja kila mwezi, na kila mtu akaona kumbe Uhuru una mikono.

Kosa letu watu wa huku ni moja, na tunalirudia kila mahali kutoka Tetu mpaka Mukurweini: tunajenga kwanza, tunauliza baadaye. Hakuna aliyemuuliza yule mkubwa, "Mpaka lini?" Tulikuwa na haraka ya kumvalisha shada.

Basi mwaka huu shule ilipofunguliwa tukaambiwa kwamba zahanati za shule hazina fungu la fedha. Wizara moja ikasema nesi ni wa wizara nyingine. Ile nyingine ikasema, lakini shule ni ya kwenu. Kwa maana hiyo msichana akipata homa, kichwa chake kina wenyewe na tumbo lake lina wenyewe, nao hawaamkiani. Wewe ukafunga sanduku lako. Mwalimu mkuu alilia. Mimi nilikusindikiza mpaka barabarani, na ukaniambia neno ambalo limenikaa kama mfupa kooni: "Nimechoka kuombwa radhi na watu wasio na makosa." Ukaenda nyumbani Gakindu kusubiri upangiwe kituo kingine, mlango ukafungwa kwa kufuli.

Halafu Nyambura akaugua. Humjui, aliingia Kidato cha Kwanza baada ya wewe kwenda, msichana mdogo wa sauti ndogo. Ana pumu. Ilimkamata paredi ya asubuhi, vumbi likiwa jingi uwanjani. Tulimbeba mpaka mlango wa zahanati kwa mazoea, Tata! Miguu yetu ilitupeleka yenyewe, tukagota kwenye kufuli. Tukasimama pale na mtoto anayevuta pumzi kama anayevuta kamba kisimani. Lori la Muriuki ndilo lililokuwa karibu. Alimwaga maziwa ya watu chini ili lori liwe jepesi, bila kumuuliza mtu, akamweka Nyambura mbele na mimi nikimshika wima, akaendesha mpaka hospitali mjini huku anamwimbia wimbo wa watoto wa Jumapili kwa sauti mbaya kabisa. Daktari alimpokea akamtibu, akapona. Daktari alipotoka nje alituambia tu, "Siku nyingine msichelewe hivi." Hatukuwa tumechelewa. Tulikuwa tumefungiwa.

Siku hiyo nilijua mambo mawili: kwamba nitaolewa na mtu huyu hata wakidai mbuzi wa wilaya nzima, na kwamba kufuli ile itatoka.

Sasa nikurudishe asubuhi ya harusi yangu, maana wewe ndiye uliyetupa silaha na hujui. Wakwe walipofika, nyinyi akina mama mlifunga lango la baba kama desturi ilivyo. Mimi nilikuwa chumbani nikichungulia kupitia pazia. Nikasikia sauti yako juu ya sauti zote, ukiwaimbia walio nje:

"Mbona viatu vyenu vina vumbi? Mmepotea njia au mmetumwa?"

Shangazi zake Muriuki wakajibu kwa wimbo, "Hatujapotea, tumeona ua ndani ya boma hili."

Nawe ukapokea papo hapo, "Ua hili lina miiba, mmekuja na glavu?"

Mama yangu aliketi chini kwa kicheko. Mliwaweka pale juani mpaka wakaimba vizuri, wakataja walicholeta, na ndipo lango likafunguliwa. Ndivyo sisi tulivyo. Asiyejibu wimbo anabaki nje, na anayejibu amekwisha kuwa mkwe. Mkwe hawezi kugeuka arudi. Lazima aingie, aketi, anywe uji, aache neno lake mbele ya akina mama.

Haikupita muda baada ya harusi, nikiwa ofisini, mlinzi akaja kusema kuna lori la Serikali njiani kutoka mjini, linakuja kuchukua vitanda na kabati la dawa vipelekwe stoo. Mwalimu mkuu alikuwa amejulishwa na hakuwa na la kufanya. Lakini aliyeambiwa "nyamaza" ni yeye, si mimi. Nilivua viatu nikakimbia mpaka kwa Mama Wambui, mwenyekiti wa kikundi cha mabati. Unamjua, yule anayecheka kabla hajamaliza mzaha wake. Akina mama walikuwa kwake wakisuka viondo. Nilisema tu, "Wanakuja kumchukua kabati." Nilisema hivyo hivyo, kama nasema mtu.

Mama Wambui akauliza, "Wameleta nini?"

"Hawajaleta kitu."

"Ati wanakuja kuchukua binti na mikono mitupu?" Akasimama, akajifunga leso. "Twendeni tukafunge lango."

Laiti ungekuwepo, Tata! Lori la kijani lilipofika, lango la shule lilikuwa limefungwa na nyuma yake akina mama wamejipanga kama siku ya mahari, wengine na majembe yao kwa kuwa wametoka shambani. Kwenye kiti cha mbele cha lori alikuwa afisa, kijana wa heshima mwenye tai, mtu wa mbali asiyejua Kigikuyu. Aliyeendesha alikuwa mzee wa Othaya, mvi kichwani. Mama Wambui akaanzisha:

"Lori hili linataka nini? Lina magurudumu makubwa na mikono mitupu!"

Akina mama wakaitikia. Afisa akatoa kichwa dirishani akaita kwa Kiswahili, "Mama zangu, tafadhali, nina haraka." Hakuna aliyemsikia. Wakaimba tena ubeti ule ule. Afisa akapiga honi mwenyewe. Wakauchukua mlio wa honi wakauingiza kwenye wimbo. Nami nikamwona yule dereva mzee. Alikuwa amekaza macho mbele kama askari, lakini vidole vyake vilikuwa vinagonga usukani. Kisha mdomo ukaanza kucheza. Kisha akateremka, akasimama mbele ya lango, akavua kofia, na kwa sauti nzito ya mtu aliyewaoza mabinti zake akajibu:

"Sisi ni wageni wema, tumeona kitu cheupe kinang'aa ndani ya boma hili!"

Vigelegele vilivyopigwa pale vilifika Wamagana, naapa.

Afisa akaruka chini. "Mzee, unafanya nini?"

"Nimewajibu, bwana."

"Umewajibu nini?"

"Desturi tu." Mzee alitazama kofia yake. "Lakini sasa hatuwezi kugeuza gari. Ni aibu kubwa. Wakwe hawarudi nyuma."

"Wakwe? Mimi nimekuja kuchukua kabati!"

"Basi kabati ndiye bibi harusi, bwana. Funga kifungo cha koti tuingie."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya lango. Lakini afisa naye ana mama aliyemlea, maana alitutazama, akatazama majembe, akafunga kifungo cha koti. Tukafungua.

Tulimketisha kwenye benchi nje ya zahanati, kivulini mwa ukuta wa mawe ya mama zetu, na Mama Wambui akampa kibuyu cha uji kwa mikono miwili. Akanywa. Kisha akaulizwa kama mkwe yeyote anavyoulizwa, kwa Kiswahili chetu cha huku: "Sasa, mwanangu, hii kabati yetu umependa. Tumesikia. Wewe uko na nini?"

"Mama, mimi nimetumwa tu. Sina kitu."

"Huyo amekutuma ako na masikio?"

"Anayo."

"Basi mwambie mahari ya kabati ni nesi. Lete nesi, chukua kabati."

Wote wakaangua kicheko, na afisa akacheka pia, lakini baadaye akafuta mdomo akasema kwa upole, "Mama zangu, si mimi ninayekataa. Zahanati za shule hazina fungu. Hata mimi nina dada shuleni. Fungu hakuna."

Hapo ndipo nilipojikuta nimesimama. Sikuwa nimepanga. Henna ya harusi huku hatupaki, lakini pete ilikuwa mpya kidoleni na nadhani ndiyo iliyonipa kiburi. Nilimwambia, "Bwana afisa, naomba kuuliza. Petroli iliyoleta lori hili kuja kuchukua kabati imetoka fungu gani?"

Akageuka akalitazama lori.

Nikamwambia habari za Nyambura. Nilimwonyesha kufuli tuliyosimama mbele yake. Nilimwambia kwamba mama yangu alilipa zahanati hii kwa paji la uso, na anailipa tena kwa kodi kila anaponunua sukari, na kwamba hatuombi sadaka. Serikali si mjomba anayekuja na peremende siku akikumbuka. Ilisema itatia uhai ndani, tukapiga makofi. Makofi yale yalikuwa mapatano. Kama wanafunzi ni taifa la kesho, kama tunavyoambiwa kila sikukuu, basi taifa la kesho linakohoa leo, na halina nesi. Nilipokaa, Mama Wambui alinipiga paja akasema, "Huyu ameolewa jana na ameshaanza kugombana na waume za watu." Kicheko kikatuokoa sote.

Lakini yule kijana hakucheka. Aliweka kibuyu chini. Kisha akauliza jina lako, na akatueleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia. Nafasi yako haijafutwa. Umeondolewa shuleni, lakini mpaka mwisho wa mwezi huu bado hujapangiwa pengine, na kabla hujapangwa anaweza kukurudisha akiiandika hii yetu kuwa zahanati ya mtaa inayotibu na shule, ukiwa hapa hapa. Anataka vitu viwili. Shule iwe na nyumba ya nesi, kwa kuwa sheria hairuhusu alale kwenye chumba cha dawa kama ulivyolala wewe miaka yote. Na wewe mwenyewe useme unataka. "Siwezi kumrudisha mtu kwa nguvu," alisema. "Na siahidi dawa za mwaka mzima. Hilo nitaligombania kwenye makadirio ya fedha. Naahidi nesi tu, akikubali." Alisema mbele ya akina mama, na mkwe akisema mbele ya akina mama amesema.

Lori likaondoka tupu. Mzee wa Othaya alipiga honi mpaka kwenye kona.

Sasa sikiliza, Tata, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ulijua kwamba mwezi huu ilikuwa zamu ya Mama Wambui kuezekewa nyumba? Amesubiri zamu hiyo tangu kikundi kianze. Nyasi za paa lake zinavuja mpaka analala na sufuria kitandani. Mabati yamekwisha kununuliwa, yako pale yameegemezwa ukutani yanang'aa. Jioni ile ile aliwaita wenzake akasema, "Yapelekeni shuleni. Mimi nimezoea mvua." Walipombishia akawaambia kwamba yeye ana mabinti wawili katika shule ile, na paa halijawahi kumtibu mtoto. Nyumba ya nesi inapandishwa ninavyoandika. Kuta zimefika kwenye madirisha. Muriuki anabeba mchanga kila akimaliza kugawa maziwa, na ananiambia ati chumba cha mbele kipate jua la asubuhi, wewe unapenda kufuma. Nampenda mtu huyu mpaka naogopa.

Kwa hivyo usiniambie umechoka kuombwa radhi. Hatuji kukuomba radhi. Mimi sina kosa, Mama Wambui hana kosa, na yule kijana mwenye tai naye, nadhani, hana. Tunakuja tukiwa na hasira na furaha pamoja. Najua unavyowaza. Unawaza kwamba watakuondoa tena mkubwa mwingine akibadilisha mawazo. Huenda. Sitakudanganya. Basi tutafunga lango tena, na tena, na wakituchosha mabinti zetu watafunga, maana umewaweka hai wa kutosha. Lakini hatuwezi kugombania kiti kitupu. Wewe ukikataa, wao watasema, mnaona, hata nesi mwenyewe hakutaka, na hapo hatutakuwa na la kuimba. Wasichana watarudi kukohoa ndani ya mashuka. Nyambura ananiuliza kila asubuhi kama ni kweli yupo mtu anayeitwa Tata. Nimemwambia yupo. Usinifanye mwongo, mimi niliye mpya katika ndoa na bado natafuta jina jema.

Utatukasirikia, najua. Utasimama mlangoni umeshika kiuno, useme hukualika mtu. Sawa. Tumekwisha kukubaliana: kabla mwezi huu haujaisha, mara tu mabati yatakapopigiliwa, tutakuja Gakindu kwa lori la maziwa, mimi na Muriuki na Mama Wambui na wote watakaotosha nyuma. Usichinje kuku, usichemshe chochote, chakula tutakuja nacho. Ukiwa umefunga sanduku lako, tutalibeba. Na kama hujalifunga, hatutakulazimisha. Tutachukua vikapu tuingie shambani kwako tukusaidie kuchuma kahawa, leo na kesho na keshokutwa, mpaka utakapokubali au kahawa iishe.

Mimi binti yako, mke wa Muriuki